Wajapani Walioandika Tatu

Obdulia Rangel alikuwa na kipaji ambacho hakifundishwi shule yoyote: mlango ukishafunguliwa mbele yake, haufungwi tena mpaka maswali yake yaishe. Alizunguka na sensa ya taifa mara tatu. Aliwauliza watu habari za sabuni kwa niaba ya kampuni ya sabuni, akawauliza habari za mbwa kwa niaba ya idara ya afya, na mwaka mmoja wa uchaguzi akawauliza watampigia nani kura. Kazi hiyo ya mwisho aliiacha baada ya juma moja. Alisema kila mtu alikuwa anamdanganya na hata maji ya kunywa hawakumpa.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye mwili wake, na alivaa viatu vyeupe vya manesi kwa sababu ndivyo pekee vilivyoivumilia kazi. Irapuato nzima, mji wetu huu wa Mexico, ilimjua. Akipita tu, mtu anapaza sauti toka dirishani, akimwita doña, yaani bibi:

"Doña Obdu, leo unauliza nini?"

"Leo nauliza kwa nini mtu mwenye afya kama wewe yuko kitandani saa nne asubuhi!"

Kwa hiyo siku Dakta Evaristo Camarena wa chuo alipokwama, aliambiwa na kila mtu aende kwa Obdulia. Dakta alikuwa mtafiti wa watu wanaohamishwa na kampuni zao kwenda kufanya kazi nchi nyingine: wanazoeaje, wanachokaje, kwa nini wengine wanarudi kwao kabla ya muda. Alikuwa amesomea Ulaya na kuandika mengi kuhusu Wazungu walioko Uchina na Wachina walioko Uzunguni. Kisha Wajapani wakaja Irapuato kama mafuriko, viwanda vikaota mahali palipokuwa mashamba ya stroberi, na Dakta akaona riziki imemfuata mlangoni. Kiwanda kimoja cha mikanda ya usalama ya magari kikamkubalia achunguze familia zake arobaini. Akawatumia dodoso kwa barua pepe. Baada ya mwezi alikuwa amepata majibu mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la mtu anayeomba radhi kwamba hataweza kujibu.

"Nipe karatasi," Obdulia alimwambia. "Watu hawajibu kompyuta. Watu wanamjibu mtu aliyesimama juani."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya kwanza aliyogonga ilikuwa ya akina Hamaguchi, na kabla hajaambiwa neno aliviona viatu vimepangwa mlangoni, akavua vyake. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kimechungulia nje kama kinasalimia. Mwenye nyumba, Yukari Hamaguchi, alikitazama kidole, Obdulia akakitazama pia, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika ukuta. Toka siku ile wakawa marafiki.

Yukari alikuwa mke wa mhandisi na mama wa mabinti wawili. Kihispania chake alikipata kwenye tamthilia za runinga za saa kumi jioni, kwa hiyo hata akiomba chumvi alikuwa kama mtu anayeachana na mchumba. Ndiye aliyempigia simu mama wa nyumba ya pili, wa nyumba ya pili akampigia wa tatu, na katika majuma matatu Obdulia alikuwa ameingia nyumba zote arobaini bila kubaki hata moja. Dakta Camarena aliyapokea makaratasi yale kwa mikono miwili.

Dodoso lenyewe lilikuwa na kauli sitini. Nimeridhika na maisha yangu hapa. Familia yangu inaishi vizuri hapa. Ningependa kuendelea kukaa hapa. Chini ya kila kauli kuna namba, moja hadi tano: moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa, na mtu anazungushia duara ile inayomfaa.

Wajapani walizungushia tatu. Nimeridhika, tatu. Familia yangu, tatu. Ningependa kukaa, tatu. Hapa na pale mtu aliyechangamka sana alijitosa mpaka nne, kisha ukurasa unaofuata akajirudi. Obdulia alikuwa akiyapitia njiani, mguu wake mmoja kivulini na mwingine barabarani, na moyo ukimwuma.

Maana kwetu Irapuato, kumpa mtu tatu ni kama kumzaba kofi. Wafanyakazi wenyeji wa kiwanda hichohicho walijaza dodoso lao pia, na wao waliandika tano toka juu mpaka chini. Chema Alderete, fundi wa mashine, alikuwa amesimamishwa kazi siku mbili juma lilelile kwa kugombana na msimamizi wake. Kwenye kauli ya "Msimamizi wangu ananitendea haki" aliandika tano.

"Chema, si juzi tu ulikuwa unamtukana hapa mpaka mate yanaruka?"

"Doña Obdu, kumtukana ni kitu kingine. Unataka nimwandikie mtu tatu kwenye karatasi? Mimi mama yangu alinilea."

Basi Obdulia alihesabu kichwani: kama tano ni kawaida, tatu ni kilio. Watu arobaini na jamaa zao wanaangamia kwa upweke nyuma ya mapazia safi, na hawana wa kumwambia. Mwanamke huyu hakuumbwa kukaa na jambo kama hilo. Siku iliyofuata alimpelekea Yukari bakuli la stroberi na krimu, akalisukumia mikononi mwake na kumpapasa bega.

"Kula, mwanangu. Itapita."

Yukari alishukuru sana, akashangaa kidogo. Kesho yake asubuhi binti mkubwa wa Yukari alikuja mlangoni kwa Obdulia na sanduku la vitumbua laini vya mchele, limefungwa kwa karatasi, kisha karatasi nyingine, kisha kitambaa. Obdulia alipomaliza kulifungua alikuwa na machozi. Mtu anayefunga zawadi namna hii, alisema, ni mtu aliyekosa kabisa wa kuongea naye. Akapika tamales ishirini, vile vinyunya vya mahindi vinavyopikwa ndani ya maganda yake. Zikajibiwa kwa taulo nne na tikiti kubwa. Akapeleka sufuria ya mole, mchuzi ule mzito wa pilipili unaopikwa kwetu siku za harusi, na kwa kuwa nyumba nyingine zote nazo ziliandika tatu, akaanza kuzipitia moja moja na sufuria. Kila sufuria ilirudi imeoshwa ikang'aa, na ndani yake kitu: sabuni za maua, majani ya chai, vikombe viwili, na taulo, taulo, taulo.

Mumewe Encarnación, ambaye kila mtu alimwita Chon, alishindwa kupata mahali pa kuweka kofia yake.

"Mama watoto," alisema, "hivi hili ni dodoso au tunaoza binti?"

"Nyamaza. Wana huzuni."

"Mwenye huzuni ni mimi. Leo nimejifuta uso na taulo la tano na bado sijapata kifungua kinywa."

Basi mambo yakaendelea hivyo mpaka Jumatatu moja Dakta Camarena alipomwita ofisini. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata. Watafiti ni watu wa ajabu kidogo, hata habari mbaya huwafurahisha ikiwa imepangika vizuri kwenye jedwali.

"Kaa, doña Obdulia. Tumeona picha nzima. Wenyeji, wastani nne nukta tisa. Wajapani, tatu kamili. Kuridhika, tatu. Familia, tatu. Hamu ya kubaki, tatu. Hawa watu hawajazoea na hawatazoea."

"Nilijua," Obdulia alisema. "Nimewapikia mpaka gesi imekwisha."

"Vizuri sana. Sasa Alhamisi anakuja bwana Tokunaga kutoka makao makuu Japani kupokea matokeo. Pendekezo langu ni hili: muda wa kazi upunguzwe, badala ya miaka mitano iwe miwili, na wafanyakazi waje peke yao. Familia zibaki Japani. Kiwanda chenyewe kimekuwa kikitafuta sababu ya kufanya hivyo, kwa hiyo watalipitisha palepale. Waliopo sasa, familia zitaondoka Machi."

Obdulia alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Akakiweka.

"Peke yao?"

"Peke yao. Mume anafanya kazi hapa, mke na watoto wanakaa kwao walikozoea. Kila mtu anapumua."

Mumewe Chon alikaa Illinois, Marekani, miaka tisa akiezeka mapaa ya watu. Alikwenda peke yake, akatuma alichotuma, akapiga simu Jumapili, na aliporudi mtoto wao wa mwisho alimwita "bwana" miezi sita mizima na kumpisha njia kwenye korido kama mgeni. Hakuna profesa aliyewahi kumletea Chon dodoso juani. Chon hakuitwa mtaalamu wa kimataifa, aliitwa majina mengine, lakini kazi ilikuwa ileile ya kulala mbali na watu wako. Obdulia alilijua jambo hilo kwa mifupa yake, na aliposikia neno lile "kila mtu anapumua" alitamani kumrushia Dakta jedwali lake usoni.

Badala yake aliaga kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwa Yukari.

Ni kweli alikuwa ametia sahihi karatasi ya kutunza siri ya utafiti. Njiani aliikumbuka mara kadhaa, akala kiapo kwamba hatasema neno, atamshika tu mkono. Alifika, akavua viatu, akakaa, akamtazama Yukari anayemimina chai, akawaona mabinti wawili wanafanya kazi zao za shule mezani, mmoja akimsahihisha mwenzake kwa Kihispania cha Irapuato kabisa, na akaangua kilio.

"Obdulia-san! Nani amekufa?" Yukari aliuliza kwa sauti ileile ya tamthilia, lakini safari hii alimaanisha.

"Hakuna aliyekufa. Mnaondoka. Machi mtaondolewa ninyi wote, wanaume watabaki peke yao, na ni haki yenu kwa sababu mna huzuni, lakini mimi..." Hapo mtama wote ukamwagika.

Yukari aliweka birika chini polepole.

"Sisi tuna huzuni? Nani kasema?"

"Ninyi! Mmeandika wenyewe! Kila mahali tatu!"

"Ndiyo. Tatu." Yukari alimtazama kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya sentensi. "Tatu ni vizuri."

"Tatu ni vizuri?"

"Tatu ni hakuna shida. Tatu ni tunashukuru, tunaendelea. Sasa ulitaka niandike nini?"

"Tano!"

"Tano!" Yukari aliziba mdomo kwa mkono. "Obdulia-san, nitaandikaje tano? Mama Ono wa nyumba ya tatu mgongo unamuuma toka Desemba. Mimi niandike tano, niseme tazameni, mimi nina raha kuwashinda wote? Na mume wangu akiandika tano, si bosi wake atauliza kama anafanya kazi kweli au anastarehe?"

Obdulia alifuta pua kwa taulo, maana mkobani sasa alikuwa na taulo hata za kutembelea.

"Kwa hiyo unapenda kukaa Irapuato?"

"Nalia kila nikifikiria kuondoka. Binti mdogo anaota ndoto kwa Kihispania. Naandika tatu tu."

Wakatazamana. Kisha Yukari akauliza kwa uangalifu, kama mtu aliyekaa na swali muda mrefu:

"Na chakula? Kwa nini ulikuwa unatuletea chakula?"

"Nilikuwa nawafariji."

"Aa." Yukari alishika kifua. "Sisi tulidhani ndiyo desturi yenu baada ya dodoso. Ukipewa, lazima urudishe. Tukirudisha, unaleta kikubwa zaidi. Akina mama tumefanya vikao viwili. Mama Ono amemwandikia dada yake Nagoya atume taulo zaidi. Tulikuwa tunakaribia kushindwa."

Walicheka tena kama siku ya soksi, ila safari hii hofu ilikuwa bado imekaa katikati yao. Machi ilikuwa karibu, na karatasi za Dakta zilikuwa tayari zimechapwa.

Jumanne asubuhi Obdulia alikuwa mlangoni mwa Dakta kabla hajafika na funguo. Alimweleza yote, na siri aliyoivunja aliikiri kwanza ili yaishe. Dakta alimsikiliza huku anavua miwani na kuivaa.

"Doña Obdulia, nakuheshimu sana. Lakini siwezi kusimama mbele ya bwana Tokunaga nikamwambia tatu si tatu kwa sababu mama mmoja kaniambia hivyo akinywa chai. Utafiti si umbea."

"Sawa. Basi tuwaulize wote."

"Tuwaulize nini? Wataandika tatu!"

"Ndiyo, waandike. Tuwaulize kitu ambacho jibu lake tunalijua." Obdulia alifikiri kidogo, maana mpaka hapo alikuwa hajafikiria mbele zaidi. "Waulize chakula cha mama yao. Chakula alichopika mama yangu nilipokuwa mtoto kilikuwa kitamu. Moja hadi tano. Halafu waulize kung'olewa jino. Kung'olewa jino ni jambo la kupendeza. Hayo mawili tu. Tuone juu kabisa kwao ni wapi na chini kabisa ni wapi."

Dakta akaenda kwenye rafu yake ya vitabu, akatoa kimoja kinene, akakifungua katikati, akasoma amesimama, na masikio yake yakawa mekundu. Jambo lenyewe lilikuwa mle ndani sura nzima, na pembeni pa ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe wa miaka ya Ulaya, palikuwa na neno "muhimu" limepigiwa mstari mara mbili.

"Una siku mbili," alisema.

Siku mbili zilimtosha mtu aliyehesabu watu wa milimani wakati wa sensa. Alipita nyumba zote arobaini, na kiwandani akawasimamisha wenyeji wakati wa chakula. Akina mama wa Kijapani walikwishapashana habari kwa simu kwamba Obdulia anakuja na kwamba safari hii haleti sufuria, wakampokea kwa nyuso zilizotulia. Walijaza kwa makini, kimya kimya. Yukari alitafakari chakula cha mama yake muda mrefu, macho yamelegea kwa utamu wa kumbukumbu, kisha akazungushia tatu.

"Mama yako akijua?" Obdulia aliuliza.

"Mama ndiye aliyenifundisha."

Upande wa wenyeji ilikuwa vurugu. Kwenye chakula cha mama tano haikuwatosha. Watu saba walichora duara jipya wakaandika sita ndani yake, na mmoja alitaka karatasi ya ziada aeleze. Kwenye kung'olewa jino Chema aliandika nne.

"Nne, Chema? Jino?"

"Daktari wa meno ni binamu yangu, doña Obdu. Ikimfikia?"

Jumatano jioni Dakta aliingiza majibu kwenye kompyuta, Obdulia amesimama nyuma yake anamhemea shingoni. Wajapani, chakula cha mama: tatu nukta mbili. Kung'olewa jino: mbili. Hakuna aliyeshuka chini ya mbili hata kwa jino. Maisha ya Irapuato: tatu.

Dakta alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Wanaipenda Irapuato," alisema taratibu, "karibu sawa na supu ya mama yao."

"Si nilikwambia!" alisema Obdulia, ingawa majuma matatu mazima alikuwa hajamwambia hivyo hata kidogo. Dakta alikuwa muungwana, hakumkumbusha. Walikaa wakaandika ripoti upya, yeye akipiga chapa na Obdulia akimkatiza, mpaka bawabu wa chuo akaja kuwauliza kama wana nyumba.

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa kwenye chumba cha mikutano cha kiwanda. Bwana Tokunaga alikuwa mzee mwenye suti ya kijivu na nywele za kijivu hivyohivyo, na Kihispania chake kilikuwa cha polepole lakini sahihi, kwa sababu aliwahi kufanya kazi Tijuana, kaskazini mwa Mexico. Kando yake alikaa msaidizi wake kijana, bwana Shibuya, na mbele ya Shibuya kulikuwa na uamuzi ambao ulikuwa umekwishaandikwa na kukosa sahihi tu. Obdulia alikaa karibu na mlango na boksi lake la madodoso mapajani. Hakuna aliyemwalika, lakini hakuna aliyejua namna ya kumtoa.

Dakta Camarena alieleza. Alitoka jasho, akaonyesha majedwali, akafika kwenye supu na jino, na bwana Shibuya alikunja uso.

"Inavutia," Shibuya alisema. "Lakini hata kama familia zinapenda kukaa, kampuni haikuziuliza kama zinapenda. Mtu aliyekuja peke yake hakatizwi. Hakuna homa ya mtoto, hakuna mkutano wa shule. Kumbukumbu zetu zinaonyesha wazi kwamba waliotumwa peke yao ndio waliofanya kazi bora. Bwana Tokunaga mwenyewe ni mfano."

Dakta alianza kupekua majedwali yake upya kuanzia la kwanza. Obdulia alibana boksi lake. Aliona Machi inakuja, akaona mabinti wawili na masanduku.

Bwana Tokunaga hakumtazama mtu. Aliomba apewe dodoso moja tupu.

Dakta alimpa. Mzee alilisoma kuanzia kauli ya kwanza bila haraka, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika ukurasa wa nne, wa wale waliowahi kufanya kazi ugenini zamani, alitoa kalamu mfukoni. Karani mzoefu anasoma maandishi yaliyopinduka kama anavyosoma yaliyonyooka, kwa hiyo kutoka mlangoni pale Obdulia aliona vizuri mkono ulipotua. Kauli ya arobaini na moja: Familia yangu iliishi vizuri wakati wa kazi yangu ya ugenini. Mzee alizungushia moja. Kauli ya arobaini na mbili: Ningechagua vilevile tena. Akazungushia moja, na duara hilo la pili alilipitia kalamu mara mbili.

Hakujaza kingine. Aliisukuma karatasi mpaka mbele ya Shibuya, juu ya ule uamuzi uliokosa sahihi.

"Ohio miaka saba," alisema kwa Kihispania, ili wote wasikie. "Tijuana minne. Peke yangu. Kazi ilikuwa bora, ni kweli." Akafunga kalamu. "Familia zibaki. Miaka mitano, kama ilivyokuwa."

Shibuya aliitazama ile karatasi muda mrefu kuliko namba mbili zinavyohitaji. Kisha aliinamisha kichwa, akauchukua uamuzi wake na kuurudisha ndani ya mkoba. Dakta Camarena alikaa chini ghafla, kiti kikalia.

Kuna sheria moja ambayo Obdulia aliishika miaka yote, kwenye sensa, kwenye sabuni, hata kwenye mbwa: karani hamwulizi mtu kuhusu jibu alilokwisha kuandika. Leo aliweka boksi sakafuni, na sheria pamoja nalo, akavuta kiti mpaka meza ya wakubwa, akakaa kando ya mzee.

"Wanao wanaitwa nani, bwana Tokunaga?"

Shibuya alishtuka. Mzee hakushtuka.

"Satoru," alisema. "Na wa kike ni Mizuho."

"Mizuho ulimwacha akiwa mkubwa kiasi gani?"

Bwana Tokunaga alinyoosha mkono kando ya kiti chake kuonyesha kimo. Aliushusha kidogo. Kisha akaupandisha, akautazama, akaushusha tena, na mkono ukabaki palepale hewani ukitafuta.

"Chukua muda wako," Obdulia alimwambia. "Mimi leo sina mlango mwingine."